Hesabu naijua, lakini ukumbini mikono hutetemeka: nifanyeje nikirudia KCSE?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Likoni, Mombasa, msichana wa miaka 20 anayerudia KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya. Nimelifupisha kidogo.

"Shikamoo mwalimu. Nilifanya KCSE nikapata C kwa jumla na D+ katika Hesabu, ilhali kwenye mtihani wa majaribio nilikuwa nimepata B-. Siku ya karatasi ya kwanza nilisoma swali la kwanza mara tatu bila kulielewa. Mikono ilitoka jasho, moyo ukaenda mbio. Nilipotoka, hata langoni sijafika, majibu yakaanza kunijia. Sasa nimejisajili tena, masomo yote, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Kituo changu kiko kisiwani. Nataka C+ niingie chuo kikuu, lakini kila nikikaa kudurusu nauona ule ukumbi. Mama anasema ni jicho. Rafiki yangu anasema kuna vidonge. Nifanyeje yasinirudie?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakwambia la kufanya, nikuulize jambo ambalo huenda hukulitarajia: una hakika kwamba kilichokuangusha ni hofu peke yake?

Sikuulizi kwa kutokuamini. Dawa ya hofu na dawa ya kutojua ni mbili mbalimbali, na mwaka mzima unaweza kupotea mtu akitibu maradhi asiyokuwa nayo. Ile B- ni habari njema, lakini si ushahidi kamili. Mtihani wa majaribio uliufanyia darasani kwako, mbele ya walimu unaowajua, na mara nyingi maswali yake hufanana na yale mliyotoka kuyafanya juzi. KCSE haina ahadi hiyo.

Basi fanya hivi. Tafuta karatasi mbili za Hesabu za miaka iliyopita ambazo hujawahi kuzigusa, zote ziwe karatasi ya kwanza. Moja ifanye nyumbani bila kitabu na bila saa. Kaa nayo mpaka ufike mahali useme mwenyewe kwamba hapa sina la kuongeza. Siku nyingine chukua ile ya pili uifanye kwa saa mbili na nusu, isizidi hata dakika. Zote mbili asahihishe mtu mwingine kwa mwongozo wa kusahihisha, maana anayejisahihisha hujihurumia. Kisha zitazame alama hizo mbili kwa pamoja.

Tuseme umepata 62 bila saa na 38 kwa saa. Hapo hesabu unaijua, na kinachokukwamisha ni hofu au mwendo wa polepole. Ukipata 40 bila saa na 36 kwa saa, hofu unayo kama kila mtu, lakini shida kubwa ni mada usizozimudu, na hakuna pumzi wala dua itakayojaza pengo hilo. Ni kukaa chini kusoma. Tena usiishie kwenye jumla, angalia na makosa yenyewe. Aliyejua akapaparika huacha nyayo zake: kanukuu 48 palipoandikwa 84, kaangusha alama ya kutoa katikati ya mstari, kaanza swali vizuri kisha kaliacha, kajibu kwa sentimita palipotakiwa mita. Asiyejua huacha nafasi tupu, au hujaza ukurasa kwa fomula zisizohusu swali.

Wengi katika wanaorudia niliokaa nao huwa na vyote viwili, na kimoja hukilisha kingine. Mtu ana wasiwasi na longitudo na latitudo tangu kidato cha nne, hakuwahi kumwambia mwalimu. Siku ya mtihani anafungua karatasi, jicho linaangukia swali hilo hilo, na kutoka hapo hata maswali anayoyajua kama jina lake yanamkimbia. Mtu huyo ukimfundisha kutulia bila kumfundisha longitudo na latitudo, hujamsaidia. Ndiyo maana nataka uanze na zile karatasi mbili kabla hujasoma zaidi ushauri wangu wala wa mtu mwingine.

Sasa hofu yenyewe. Uliyoyaeleza si uzembe, wala si dalili kwamba akili yako ina kasoro. Mwili umehisi hatari ukamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, pumzi inakuwa fupi. Nyuma yake hupanda homoni nyingine, kotisoli, na tafiti zimeonyesha kwamba kotisoli ikiwa juu mtu hupata taabu kuyavuta aliyoyahifadhi kichwani, ingawa hayajafutika. Hiyo ndiyo sababu majibu yalikujia ulipokaribia langoni. Yalikuwepo muda wote.

Watafiti wa hofu ya mtihani, tangu kazi ya Liebert na Morris ya mwaka 1967, huigawa hofu hiyo sehemu mbili. Kuna hofu ya mwili, yaani jasho na mapigo ya moyo, na kuna hofu ya mawazo: "nikifeli tena watasemaje, baba alikopa ada, wenzangu wako mwaka wa pili chuoni." Inayokula alama zaidi ni hii ya mawazo. Unapopiga hesabu akili hutegemea nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa muda mfupi: ile namba uliyobeba, hatua uliyofikia, kinachoulizwa. Nafasi hiyo ni kama kijimeza cha muuza kahawa. Wasiwasi ukishapanga vikombe vyake juu yake, hesabu haina pa kukaa. Kwa hivyo swali ulilolisoma mara tatu bila kulielewa halikuwa gumu. Lilikosa nafasi.

Hapa kuna jambo linaloweza kukupunguzia mzigo leo hii. Moyo kwenda mbio, peke yake, haukuangushi. Mwaka 2010 mtafiti Jeremy Jamieson na wenzake walichukua wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili Marekani, wakawaambia baadhi yao kwamba mwili kuchangamka wakati wa mtihani hakumharibii mtu na huenda kukamsaidia. Hao walifanya vizuri zaidi katika hesabu kuliko wenzao ambao hawakuambiwa kitu. Basi siku hiyo moyo ukianza, usipigane nao na usijilazimishe utulivu ambao hutaupata. Jiambie: mwili umeamka, umekuja kazini. Kisha rudi kwenye karatasi.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani maneno ya asubuhi ya mtihani ndiyo dawa. Hofu ya siku ya mtihani hutibiwa wiki nyingi kabla yake, na hapa ndipo nisipokubaliana na ushauri mwingi unaosambazwa. Mfano ni mbinu iliyopata sifa kubwa baada ya utafiti wa Chicago wa mwaka 2011: dakika kumi kabla ya mtihani, mtu aandike wasiwasi wake wote kwenye karatasi. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilirudia majaribio 21 yaliyokuwa yamechapishwa katika majarida mawili makubwa ya sayansi, hilo likiwemo, na matokeo yake hayakujitokeza tena. Ukiona inakutuliza, andika, haidhuru, ila usiiegemee. Katika kazi hiyo hiyo kulikuwa na majaribio mawili kuhusu kujifunza kwa kujijaribu, yaani kufunga kitabu na kujilazimisha kukumbuka badala ya kusoma tena na tena. Hayo yalirudiwa na yakasimama. Ningekuwa na saa moja tu ya kukupa, ningekupa hiyo.

Kwa vitendo iko hivi. Acha kusoma mifano iliyokwisha kufanywa huku ukitikisa kichwa kwamba umeelewa. Funika jibu, fanya mwenyewe mpaka mwisho, ndipo ufunue. Ukishindwa, soma njia yake, funika tena, urudie siku mbili baadaye. Inachosha na inaudhi, na siku za mwanzo utajiona hujui kitu. Lakini kile ambacho mkono umekitoa kichwani mara nyingi bila msaada ndicho hutoka hata wakati wa hofu.

Pamoja na hayo, ufanyie mwili mazoezi ya mtihani. Wanaodurusu usiku, kitandani, chini ya feni, simu pembeni, chai mkononi, kisha Novemba wakaenda kukaa kwenye ukumbi wenye joto, kiti kigumu, saa mbili asubuhi, hugundua kuwa mwili haujawahi kuifanya kazi hiyo mahali pa namna hiyo. Kila Jumamosi kuanzia sasa, saa mbili kamili asubuhi, fanya karatasi nzima. Kaa kwenye meza na kiti cha mbao. Nyumbani pakiwa na kelele nenda maktaba ya umma au uombe darasa kwenye shule ya jirani. Feni izimwe. Simu ibaki chumba kingine. Vaa nguo utakayovaa siku yenyewe. Tumia kikokotoo kile kile utakachoingia nacho na jedwali la hesabu lile lile. Na muda ukiisha weka kalamu chini hata kama umebakiza mstari mmoja, kwa sababu maumivu hayo nayo ni sehemu ya mazoezi.

Jumamosi za mwanzo moyo utakwenda mbio hata hapo mezani. Vizuri, tunautaka uende ukiwa mahali salama ili uuzoee. Ikiwezekana, mwombe msimamizi wa kituo chako akuruhusu kuingia mara moja kwenye ukumbi utakaofanyia mtihani, ukae kwenye kiti dakika chache, utazame madirisha na ubao. Kwa anayerudia hili lina uzito zaidi kuliko kwa anayefanya mara ya kwanza. Ukumbi uliokuwa nao kichwani sasa ni ule ulioshindwa ndani yake. Mpe macho yako ukumbi mwingine wa kukumbuka.

Nakuja kwenye karatasi yenyewe, maana hofu nyingi huzaliwa na kutojua utaanzia wapi. Kila karatasi ya Hesabu ina alama 100 kwa dakika 150, yaani dakika moja na nusu kwa alama moja. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, nawe unachagua matano. Gawa hivi: dakika 70 sehemu ya kwanza, dakika 14 kwa kila swali la sehemu ya pili, jumla 70 nyingine, na kumi za kukagua. Mgao huo uandike kwenye kila karatasi ya mazoezi mpaka usihitaji tena kuufikiria.

Ukishapewa karatasi, usikimbilie swali la kwanza. Andika jina na nambari yako ya mtahiniwa polepole. Hesabu kurasa uone kama zote zimechapishwa, jambo ambalo maagizo ya mtihani yenyewe yanakutaka ulifanye. Wakati huo pumua: vuta hewa kwa puani ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka saba. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo, na hili utakuwa umeshalifanya kila Jumamosi, kwa hivyo mwili utalitambua. Kisha pitia sehemu ya kwanza yote bila kutatua, uweke alama ndogo ya penseli kando ya maswali unayoyaona mepesi. Anza na hayo, hata kama la kwanza kabisa ni nambari 11. Hakuna kanuni inayokulazimisha kufuata mpangilio, na maswali matatu yaliyokamilika hutuliza kuliko maneno yoyote niliyo nayo.

Kwenye sehemu ya pili, chagua kabla hujaandika. Soma yote manane, vipengele vyote, maana swali linaweza kuanza kwa jambo unalolipenda likamalizikia pabaya. Kufika hapo uwe na mada zako: labda takwimu, matriksi, mwendo na kasi, kodi ya mapato. Mada tano au sita unazozimudu usiku na mchana zina faida kuliko nane za kubahatisha.

Na ukiduwaa tena je? Yaelekea utaduwaa mara moja au mbili, tusidanganyane. Hapo usihukumu kitu, fuata utaratibu. Weka kalamu chini. Miguu yote miwili sakafuni. Toa pumzi ndefu mara tatu. Kisha shika kalamu unukuu tu: andika yaliyotolewa na swali, namba kwa namba, na fomula yoyote inayohusika. Usitake kutatua bado. Wasahihishaji hutoa alama za njia, si za jibu peke yake. Mstari wa kwanza ulio sahihi unaweza kukuletea alama hata kama hukufika mwisho. Zaidi ya hapo, mkono unaoandika hufungua kumbukumbu ambayo kukodolea macho hakuifungui. Dakika mbili zikipita bila kitu, liwekee duara uhamie jingine. Swali la alama tatu ni la dakika nne na nusu. Halistahili dakika ishirini zako, na dakika ishirini hizo nadhani ndizo zilizokupa D+.

Nimegusa alama, basi tuzihesabu, kwa sababu hofu hupenda mambo yasiyo na kipimo. Tangu 2023 alama ya jumla hutokana na masomo saba: Hesabu, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na mengine matano yaliyo bora. Kila somo lina pointi 12, jumla 84, na C+ huanzia pointi 46. D+ ni pointi 4. Ukiinua Hesabu mpaka C tu, ambayo ni pointi 6, umeongeza mbili. Mtu mwenye C yuko kati ya pointi 39 na 45. Toa karatasi yako ya matokeo, jumlisha, uone umepungukiwa na ngapi hasa. Huenda ni tatu, na moja kati yake ukaitoa Biolojia, nyingine Jiografia. Hesabu ina nafasi yake, lakini si yenye kushika maisha yako yote. Nimeona watu wakiiacha Kemia ikaoza kwa miezi kwa sababu ya kuipigania Hesabu peke yake.

Najua pia linalosemwa mitaani, kwamba darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, kwa hivyo asiyepita sasa amekwisha. Kuhusu mwaka huo ni kweli. Kuhusu kukwisha si kweli. Vyuo vya kiufundi, kozi za stashahada na njia za kupandia kutoka cheti mpaka shahada zipo, na C uliyo nayo inafungua nyingi kati ya hizo. Fanya jambo moja ambalo wengi huliogopa: andika kwa ukamilifu utakachofanya kama C+ haikupatikana. Kozi gani, chuo gani, ada kiasi gani. Hujajitabiria mabaya. Mtu mwenye mlango wa pili haingii ukumbini akidhani anakwenda kufa.

Aibu ya kurudia nayo tuiseme. Utakaa na watoto uliowazidi umri, na jirani atakuuliza kwenye foleni ya feri, "Kwani wewe hukumaliza?" Tayarisha jibu fupi sasa, usilibuni papo hapo: "Nimemaliza, narudia kuongeza alama." Kisha uliza habari za kwao. Huna deni la maelezo zaidi. Kama kuna ndugu asiyeweza kupita bila kukutaja na matokeo yako, mwombe mama amzungumzie faraghani; si kazi yako kubishana na mtu mzima mwezi wa mtihani.

Wiki ya mwisho, ondoka kwenye makundi ya simu yanayouza "karatasi iliyovuja". Mengi ni utapeli mtupu, na hata kuwa na karatasi kama hiyo ni kosa la jinai. Lakini mimi nakwambia kwa sababu nyingine: mtu aliyekesha akikariri maswali bandia huingia ukumbini, akute hayapo, na hofu yake huanzia pale. Muguka na miraa za kukeshea ziache. Vinywaji vya kuongeza nguvu pia. Vinaongeza yale yale mapigo ya moyo unayoyalalamikia, na vinakunyima usingizi ambao ndio unaopanga uliyoyasoma. Usiku wa kuamkia mtihani ukikosa usingizi, usihesabu saa zilizobaki. Lala tu umefumba macho. Usiku mmoja mbaya haufuti kazi ya miezi, na hofu ya kutolala hukuongezea taabu tu.

Vidonge alivyokutajia rafiki yako, nadhani ni propranolol, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Usivimeze kwa kupewa na rafiki. Kwa mwenye pumu vinaweza kuwa vya hatari sana, na mwenye presha ya chini anaweza kuanguka. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kukupima, na hata hapo isijaribiwe kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Vidonge vya usingizi ndivyo kabisa usiviguse. Utaamka na kichwa kizito.

Asubuhi, kinachonitia wasiwasi kwako ni kivuko. Foleni ya Likoni siku ya kazi unaijua kuliko mimi. Kama una khalati au jamaa upande wa kisiwani, omba ulale kwake usiku wa kuamkia Hesabu na siku nyingine za mitihani ya asubuhi. Kama huna, vuka mapema kiasi kwamba hata feri moja ikiharibika bado utafika kituoni saa moja na robo. Fanya jaribio la safari nzima siku ya kazi, si Jumapili. Kunywa chai kwa mahamri yako kama ulivyozoea. Siku hiyo si ya kujaribu chakula kipya wala ya kufunga tumbo kwa woga. Chukua maji. Na pale nje ya ukumbi, wanaoulizana fomula wapite mbali nawe.

Ukitoka karatasi ya kwanza, usisimame langoni kulinganisha majibu. Karatasi ya pili ina alama zake 100 na huja siku nyingine. Nenda nyumbani, oga, kula, lala kidogo, kisha ufungue somo linalofuata.

Kuhusu jicho. Sitabishana na mama yako, na sitaki ubishane naye. Kisomo na dua za mzazi humpa mtu moyo, na kusali asubuhi hiyo kwa utulivu ni jambo jema. Ninachokuomba ni kwamba jicho lisiwe sababu ya kuacha zile Jumamosi, na asije mtu akakutoza pesa nyingi akidai atakufungua. Mwambie mama kwa adabu kwamba dua unaikubali, na umpe na kazi: akuamshe saa kumi na moja na nusu, asikuulize "uko tayari?" siku hiyo, na atakapokupokea jioni akuulize umekula nini badala ya maswali yalikuwaje.

Mwisho, pima hofu yako yenyewe. Ikiwa ni ya mtihani tu, niliyoyaandika yatakutosha. Lakini ikiwa hulali wiki nzima nzima, unashikwa na hofu ya ghafla mpaka unahisi unakufa hata ukiwa sokoni, huli, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri Novemba. Piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uongee na mshauri. Au nenda Hospitali ya Port Reitz, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Ukiona haya kwenda peke yako, nenda na mama. Hilo halitaandikwa popote kwenye cheti chako. Na zile alama mbili, ya bila saa na ya kwa saa, nitumie ukishazipata, pamoja na orodha ya makosa, ili tujue Jumamosi zinazofuata tuzielekeze wapi.